Milango Tuliyoifunga kwa Mikono Yetu

Imezoeleka miongoni mwetu kwamba tovuti ikishaonekana Google, basi kazi imekwisha. Vijana wanaotutengenezea kurasa za madrasa, za vyuo na za maduka, wakiulizwa iwapo kurasa hizo zinaonekana katika mitambo mingine ya kutafutia, hucheka na kusema: "Kwani nani anatumia hiyo mingine?" Nasi tulikuwa tumeridhika na jibu hilo, mpaka lilipotufika jambo lililotulazimu kufikiri upya.

Ndugu yetu mmoja, mhasibu, alikuwa ofisini kwake akitafuta masomo ya nahau ya Kiarabu tuliyoyaandika kwa Kiswahili kwa muda wa miaka mitatu. Aliandika jina la somo kama lilivyo, asione kitu. Aliporejea nyumbani na kutafuta kwa simu yake, akaliona mara moja. Kompyuta ya ofisini ilikuwa ya Windows, kivinjari chake ni Edge, na Edge isipobadilishwa hutafuta kwa Bing ya Microsoft. Tulipofungua faili la robots.txt la tovuti yetu, yaani lile linaloziambia programu za mitambo hiyo mahali pa kuingia na pasipo ruhusa, tulikuta programu ya Google imeruhusiwa peke yake, na nyingine zote zimezuiwa. Aliyefanya hivyo alikusudia kuipunguzia mzigo seva yetu. Nia ilikuwa njema, lakini kazi ya miaka mitatu ilikuwa imefichwa kwa mistari minne.

Hatukatai, ndugu msomaji, kwamba takriban utafutaji tisa katika kila kumi duniani hupita Google. Ila swali la "nani anatumia" lina kasoro, kwani hudhani kuwa kila mtu amechagua mtambo wake. Katika kesi iliyoamuliwa na Hakimu Amit Mehta huko Marekani mwezi Agosti 2024, ilidhihirika kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo chaguo lililokwishawekwa katika simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Fedha nyingi kiasi hicho hazitolewi bure. Hutolewa kwa sababu watu wengi hutumia walichokikuta, na yule mhasibu alitumia alichokikuta.

Tena Bing haisimami peke yake. Yahoo huchukua matokeo yake huko, na DuckDuckGo, inayopendwa na wasiotaka kufuatiliwa, hutegemea sana faharasa hiyo hiyo. Mwenye kuifungia Bing amejifungia milango mingi kwa mkupuo mmoja. Ama Yandex, hiyo ndiyo inayoongoza Urusi. Na China bara, ambako Google iliondoa huduma yake ya utafutaji mwaka 2010, wenyeji hutumia Baidu zaidi. Hapo tunasema wazi: asiye na kurasa za Kichina asijichoshe na Baidu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kupatikana na washirika wake wa Guangzhou, huyo ana sababu, na aanze kwa kumtafuta mfasiri.

Kwa wengine wetu kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwanza ni kulisoma lile faili na kuondoa vizuizi visivyo na maana. Kisha msimamizi wa tovuti ajisajili, bila malipo, katika huduma ya Bing ya wasimamizi wa tovuti, na awasilishe ramani ya tovuti. Aliyekwisha kujisajili na Google anaweza kuihamishia tovuti yake huko bila kuanza upya. Upo pia utaratibu uitwao IndexNow, ulioanzishwa na Bing na Yandex mwaka 2021. Ukurasa ukiandikwa au ukibadilishwa, tovuti hupeleka taarifa kwa mtambo mmoja, nao huwafahamisha wenzake walio katika utaratibu huo. Google haimo. Kwa tovuti ndogo, ambayo programu hizo huitembelea kwa nadra, taarifa hiyo ina faida kubwa.

Wapo watakaoshawishika na njia za mkato: kurudia neno moja mara hamsini, au kuandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe ili mashine iyaone na msomaji asiyaone. Hiyo ni hadaa. Bing, kama Google, imekwishatangaza kuwa tovuti ya namna hiyo inaweza kuondolewa kabisa katika faharasa yake. Kichwa cha ukurasa kinachosema kweli juu ya kilichomo, na maandishi yanayosomeka, vinatosha kuanzia popote pale.

Tumesema maandishi yanayosomeka kwa makusudi, maana hapa ndipo tuna aibu kubwa zaidi. Masomo mengi ya Kiswahili huwekwa mtandaoni yakiwa ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, au matangazo yaliyochorwa kwa rangi nzuri. Mtambo unaweza kujua kuwa hapo pana picha, lakini somo la hali na tamyizi lililomo ndani yake halitafutiki kwa urahisi.

Mistari minne imekwisha kufutwa, na baada ya wiki chache yule mhasibu alilipata somo la kwanza akiwa ofisini. Masomo yetu kumi na mawili ya mwanzo, hata hivyo, yangali ni picha. Wanafunzi wawili wa darasa la jioni wamejitolea kuyachapa, na tumeshafika somo la nne.