Hukumu Bila Hoja

Wapo wanaodai kwamba kompyuta imekwisha kuufunga mlango wa sataranji: wabakiapo wafalme na askari ubaoni, kuna nini tena cha kufikiri? Dai hili nalikataa.

Usahihi wa mashine siupingi. Majedwali ya Syzygy, yaliyofikia kete saba mwaka 2018, wafalme wakiwamo, yalijengwa kwa kurudi nyuma kutoka ukomo wa mchezo. Kila mkao umeandikiwa hukumu: ushindi, kushindwa au sare. Programu huisoma tu. Haisemi kwa nini.

Sasa tuutazame mkao alioutunga Richard Réti mwaka 1921. Kete ni nne tu. Askari mweusi anakimbilia kugeuka malkia, na mfalme mweupe, aliye pembeni, hamuwahi kwa kumfukuza moja kwa moja. Askari wake mwenyewe yuko mbali, ananyemelewa na mfalme mweusi. Lakini apitapo mshazari, kila hatua humsogeza karibu na adui na karibu na mwenziwe pia. Mweusi akizuia hili, lile humponyoka. Sare!

Jedwali litajibu “sare”, kisha linyamaze. Réti alituonyesha kwamba hatua moja yaweza kubeba nia mbili, jambo ambalo malenga wetu walilijua zamani: neno moja, maana mbili. Kuhesabu mizani nane kwa nane si kulijua shairi. Vivyo hivyo, aliyepokea hukumu akaiacha hoja hajajifunza kitu, amearifiwa tu.