Umati wa Desemba si ushahidi

Desemba inapokaribia, kaunti zetu hushikwa na hamu ya kutumbuiza. Jukwaa hujengwa, wasanii hualikwa, mabango yenye sura ya gavana hutundikwa, na sherehe ikiisha tunaambiwa utalii umefaulu: si mmeuona umati, si mmeona hoteli zilivyofurika? Lakini Mombasa hufurika Desemba hata pasipo jukwaa. Shule zimefungwa, waajiri wametoa likizo, nauli ya basi imepanda, na tiketi ya treni ya SGR ya wiki ya Krismasi ni ya kugombaniwa. Familia ya Nakuru iliyolipia chumba Nyali tangu Oktoba haikuvutwa na tamasha lililotangazwa Desemba yenyewe. Mgeni ambaye angekuja hata hivyo hawezi kuandikwa kuwa tunda la fedha za umma. Kaunti ikitaka tukubali kwamba ilikuza utalii, ituonyeshe wale ambao bila matumizi hayo wasingekuja. Vinginevyo ilinunua burudani, na burudani ina bei yake halali, ila isiingizwe kwenye fungu la utalii.

Kinachomleta au kumfukuza mgeni tunakijua, maana tumekiona kikitokea. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya safari za Mombasa kwa sababu za usalama. Kampuni za utalii za Thomson na First Choice zikawarudisha wateja wao nyumbani, zikasitisha safari za ndege za kuja huku kwa miezi kadhaa. Wageni wa kimataifa waliofika Kenya, ambao walikuwa takriban milioni 1.8 mwaka 2011, walishuka hadi takriban milioni 1.2 mwaka 2015. Hakuna bango ambalo lingeziba pengo lile. Usalama wa taifa na ndege si kazi ya kaunti, ni kweli, lakini taa za barabarani, takataka, vyoo vya umma na leseni ni kazi yake, na hivyo ndivyo humfanya mtu akae nje hadi saa nne usiku au arudi chumbani saa moja.

Tazama Forodhani, Unguja. Bustani ile ilikarabatiwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009: taa, viti, njia za kupita, nafasi za wauza vyakula. Tangu hapo jioni haipiti bila watu kupanga foleni ya zanzibar pizza, mishikaki na juisi ya miwa, wenyeji na wageni bega kwa bega, na hakuna msanii aliyelipwa ili wafike. Mombasa nayo ina bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na serikali kuu na kuwa uwanja wa sherehe za Mashujaa Oktoba 2019. Jumapili jioni huko utakuta viazi karai, mihogo ya kukaanga, madafu na watoto wanaokimbizana mbele ya bahari. Gharama ya mahali kama hapo hugawanywa kwa jioni za miaka mingi. Gharama ya tamasha huishia kwa siku zake, pamoja na bili ya kuzoa chupa.

Watetezi wa matamasha wana jibu zito: mwenye bodaboda, muuza maji na dada wa kibanda cha chipsi huuza zaidi siku hizo. Ni kweli, na sitaki kulidharau pato la mtu. Ila swali ni lini pato hilo linahitajika. Masika yanapoingia, kati ya Aprili na Juni, baadhi ya hoteli za Pwani hufungwa na nyingine huwarudisha nyumbani vibarua wa msimu. Ndiyo lo sizini, na kila aliyewahi kubeba sinia anaijua. Ikiwa kaunti inaamini kweli kwamba tamasha huleta wageni, ilifanye Mei. Vyumba vilivyolala watu vilinganishwe na Mei ya mwaka uliotangulia, na jibu litapatikana bila mabishano. Huenda likaniaibisha. Ninachokishuku ni kwamba Desemba hupendwa kwa sababu haiwezi kushindwa.

Husemwa pia kwamba miji mikubwa nayo hutumia fedha za umma kwa burudani ya usiku. London ilimteua Amy Lamé mwaka 2016 asimamie maisha ya usiku, kwa mshahara wa pauni 35,000, ambao ulipanda hadi kupita 130,000 kabla hajaondoka mwaka 2024. Wapinzani walihesabu vilabu vilivyofungwa. Watetezi wakataja kodi za majengo, Covid, na ukweli kwamba leseni hutolewa na mabaraza ya mitaa, si na ofisi yake. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja. Funzo kwetu ni kwamba wakazi waliweza kubishana kwa sababu tarakimu ilikuwa mezani. Hapa leseni za pombe na utalii wa ndani vyote viko mikononi mwa kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, na bado mkono mmoja hausikilizi mwingine: Nairobi ilitangaza mwishoni mwa Novemba 2022 kufuta leseni za vilabu vilivyo kwenye makazi (agizo ninaloliunga mkono, watu hulala), na mwezi uliofuata ikaandaa tamasha la jiji.

Wapo wasiotaka hata senti itumike kwa mambo ya usiku. Hao niwakumbushe Mji wa Kale wa Mombasa baada ya tarawehe, barabara zikiwa zimejaa na bia haipo. Taa inayomulika hapo humfaa pia muuguzi na kuli wa bandarini wanaotoka zamu.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti kwa kawaida huonyesha mafungu ya idara na programu, si bili ya tamasha moja moja. Kwa hiyo madiwani waidai yenyewe: nani alilipwa, kiasi gani, kwa zabuni ipi, na vyumba vingapi zaidi vililala watu kuliko mwaka jana. Raia asiyejibiwa ana Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, wakati vibarua wa hoteli wameshaanza kurudishwa nyumbani. Wakaribishwe kwenye vikao vya maoni, waulizwe wangependa fungu la utalii litumike mwezi gani.