Gitaa Limenoga, Lakini Majina ya Waliolichora Yako Wapi?

Siku hizi gitaa la umeme lenye rangi ya dukani halimshtui mtu tena. Mpiga solo akitaka kuonekana jukwaani anakuja na gitaa lenye michoro: ndege, daladala, mawimbi, sura za mama lishe, bodi nzima imejaa. Ukiuliza nani kachora, jibu ni fupi: "wanafunzi wa sanaa".

Ndivyo ilivyokuwa kwa mpiga gitaa mmoja mwenye wafuasi kibao, ambaye hivi karibuni alitupia picha za gitaa lake jipya mtandaoni. Gitaa kali, hilo halina ubishi. Kapsheni ikamtaja mpiga picha, ikamtaja aliyeshona koti, ikataja mpaka duka lililompa viatu. Waliokaa na brashi likizo nzima wakapewa maneno mawili tu: "vijana wangu". Hakuna jina hata moja.

Mashabiki wakagawanyika. Wapo wanaosema jamaa kawapa dili la maana, maana mwanafunzi gani asingependa kazi yake ipande jukwaani na staa? Wengine wanauliza swali rahisi: itapanda vipi kama hakuna anayejua ni ya nani? Hao wa pili ndio wenye hoja.

Kuchora gitaa si sawa na kuchora kwenye karatasi. Kwanza linafunguliwa: nyuzi zinatoka, vinatoka vile visumaku vinavyonasa mtetemo, na shingo ikiwa ya kufungwa kwa skrubu nayo inatolewa. Kisha rangi ya kiwandani, ambayo ni laini na inateleza, inapigwa msasa taratibu mpaka ife mng'ao, la sivyo rangi mpya haishiki. Vumbi linafutwa, primer inapigwa, ndipo mchoro unaanza. Na hapo mchoraji anahangaika na umbo lenye mapembe na matundu, tena anapaswa kukumbuka kwamba nusu ya picha itafunikwa na mkono wa mpigaji.

Mchoro ukikauka, unakuja mtihani wenyewe: kuukinga. Jasho, vifungo vya shati na mkono unaosugua palepale kila shoo vinaweza kula rangi ndani ya miezi michache. Kwa hiyo inapigwa klia, ile ile ambayo mafundi wa gari wanapulizia juu ya rangi. Inapigwa nyepesi nyepesi, koti baada ya koti, kila moja ikisubiri iliyotangulia. Ukiharakisha ukamwaga nyingi kwa mkupuo, inachuruzika. Ukipulizia klia yenye thina kali juu ya michoro ya kalamu za wino, wino unakimbia na picha inaharibika mbele ya macho yako. Halafu klia ya gari ya kuchanganya na hadina si kitu cha kuvuta puani. Inataka sehemu ya wazi na barakoa yenye chujio, si kitambaa cha kufunga mdomoni. Mwishoni msasa wa maji, kisha polishi.

Hiyo ni kazi ya wiki, na imebeba ufundi, afya na pesa ya vifaa. Kwa bahati nzuri gitaa la umeme la bodi nzima halisumbuliwi sana sauti na rangi, kwa sababu sauti yake inatoka zaidi kwenye nyuzi na visumaku. Ndiyo maana mastaa wanalipenda kwa mapambo. Ila hilo lisimfanye mtu aone kwamba mapambo yenyewe ni kitu cha bure.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1967 George Harrison wa The Beatles alipaka Stratocaster yake mwenyewe kwa rangi za kung'aa. Huyo hana deni na mtu, kachora mwenyewe. Lakini mwaka huohuo Eric Clapton alikuwa na Gibson SG ya 1964 iliyopakwa na kundi la wasanii wa Kiholanzi, wakiwemo Marijke Koger na Simon Posthuma. Kundi lao liliitwa The Fool. Gitaa hilo nalo mpaka leo linaitwa The Fool. Yaani Clapton na ukubwa wake wote, gitaa lake limebeba jina la waliolichora. Mwaka 2023 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.27. Umaarufu wa mpigaji umechangia, tena sana, lakini hakuna anayelizungumzia bila kuwataja wachoraji.

Na hapa nyumbani mfano upo. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi. Hakuwa na chuo wala meneja. Alisaini kazi zake, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, zaidi ya miaka 50 tangu afariki mwaka 1972. Picha zile zingetoka bila jina, dunia ingeziita "picha za Kiafrika" tu na yeye angepotea.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Kumiliki gitaa si kumiliki mchoro. Siku staa akiamua kuweka picha ileile kwenye fulana na kava la albamu, hiyo ni biashara nyingine, na wenye mchoro wanatakiwa wawe mezani.

Utetezi wa kwamba "hata yeye bado anajitafuta" unaeleweka. Si kila mpiga gitaa ana hela, na gigi nyingi za mjini zinalipa nauli na soda. Sawa, malipo yajadiliwe, yawe madogo, yawe hata vifaa vya chuo. Lakini jina halina gharama. Kumtagi mtu ni sekunde tano. Aliyekumbuka kutaja duka la viatu hawezi kusema kapsheni ilijaa.

Na dawa yake ni nyepesi. Makubaliano yaandikwe kabla brashi haijagusa rangi: nani anachora, analipwa nini, picha itatumika wapi kwingine. Kisha majina ya wachoraji yaandikwe nyuma ya bodi, chini ya klia. Chini, siyo juu. Jina la juu litafutika na mkanda wa suruali ndani ya shoo kumi, na la kwenye stori litapotea baada ya saa 24. La chini ya klia litakaa pale mchoro ulipo, na gitaa likiuzwa au likirithiwa, nalo linakwenda.

Walimu wa sanaa nao wana kazi hapa. Wanafundisha kuchanganya rangi, wafundishe na kusaini, kuuliza bei na kusema hapana. Mwanafunzi akizoea kuitwa "kijana wangu" leo, kesho atauza kazi kubwa kwa bei ya sahani ya chipsi mayai.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda kimefanya kazi, pete kavaa mwingine. Ingekuwa ni mdogo wako aliyelichora gitaa lile, ungeridhika na "vijana wangu"?