Samaki Mmoja Akioza, Tenga Zima Litupwe?

Sisi watu wa pwani tunao msemo: samaki mmoja akioza, huoza wote. Twaupenda sana, hata tukasahau kuwa mvuvi mwenyewe haufuati. Yeye hupekua tenga lake. Aliyeoza humtupa, wazima huwapeleka sokoni. Lau angelitupa tenga zima, wanawe wangelala na njaa.

Niliyakumbuka hayo nilipokuwa Balambala, ukingoni mwa Mto Tana, kaskazini-magharibi ya mji wa Garissa. Nilikaa na maalim mmoja wa duksi, watoto wakikariri mbele ya mbao zao kama tulivyokariri sisi chuoni utotoni. Akanieleza kuwa yeye na wenziwe waliunda chama cha kuchimba kisima, wakakipa jina lenye neno la dini. Karatasi zao zikalala ofisini miezi. Walipolifuta neno lile, zikatoka.

"Maji ni yale yale, ustadh," akaniambia. "Tuliofutwa ni sisi."

Msomaji, hofu hii haikuanza jana. Mwaka 1992 chama cha IPK kilinyimwa usajili. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Nairobi, Agosti 1998, serikali ilifuta usajili wa mashirika matano ya Kiislamu ya misaada. Aprili 2015, baada ya Al-Shabaab kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, watetezi wa haki za binadamu wa Mombasa, MUHURI na Haki Africa, waliingizwa katika orodha ya washukiwa wa ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Novemba mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Jaji alifanya kazi ya mvuvi: alipekua tenga.

Sisemi serikali ifumbe macho. Wauaji wa Garissa waliwatenga wanafunzi Wakristo wakawaua kwa dini yao. Dhambi yao hailingani na ya karani mwenye shaka, hata chembe. Lakini ugonjwa wa kumhukumu mtu kwa dini yake kabla ya tendo lake ni mmoja, na sisi Waislamu tusidai haki tusiyokuwa tayari kumpa jirani. Desemba 2015, basi liendalo Mandera liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Je, muumini kama huyu afiche jina la dini yake ndipo aaminiwe?

Ofisi na ikague hesabu za kila chama: fedha zatoka wapi, zaenda wapi? Huo ndio upekuzi. Jina la dini juu ya karatasi si ushahidi wa kosa. Waacheni watu wa Balambala wachote maji yao bila ya kumficha Yule anayewaamrisha kuyagawa.