Mitunguu Haihitaji Miwani ya Furaha

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu. Uamuzi mwema, tena uliochelewa. Mtu huyo hastahili tena kupelekwa kituo cha polisi. Apelekwe wapi basi? Hapo ndipo wapenzi wa teknolojia wanaponiudhi. Jibu lao siku hizi ni kumvisha miwani ya uhalisia pepe, aogelee na pomboo na kutembea katika misitu ya kuchorwa, hadi moyo uliokufa ganzi ukumbuke kufurahi. Kwa kaunti kama Meru au Embu, huo ni upotevu wa pesa.

Sisemi sayansi yenyewe ni ya uongo. Profesa Michelle Craske wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amesisitiza jambo lililopuuzwa sana: sonona haimletei mtu huzuni tu, humnyang'anya pia hamu, na kumpunguzia huzuni si lazima kumrudishie raha. Miwani huenda ikamfaa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Huko Uingereza, mwaka 2023, NICE, taasisi inayopima tiba za kutumiwa nchini humo, iliruhusu programu ya miwani iitwayo gameChange itumike kwa wagonjwa wa saikosisi wanaoogopa kutoka nje, huku ushahidi zaidi ukikusanywa. Sawa.

Lakini tazama jaribio la Stanford lililochapishwa mwaka 2024, lililowahusu watu wazima 26 wenye sonona. Wote walipewa tiba ile ile ya zamani: usingoje hamu ije ndipo utende, panga jambo dogo, litende, hamu itakukuta njiani. Kundi moja lilifanya shughuli zake ndani ya miwani, jingine likazifanya hivi hivi, bila kifaa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na haikuonekana tofauti ya maana kati yao. Mashabiki husoma hapo kwamba miwani inafaa sawa na tiba ya kawaida. Mimi nasoma kwamba waliokosa miwani hawakukosa kitu. (Watu 26 ni wachache, najua. Lakini anayetaka kutuuzia kifaa ndiye mwenye deni la ushahidi.)

Kilichokuwa katika makundi yote mawili ni mtu: aliyezungumza na mgonjwa, akamuuliza zamani ulipenda nini, wakapanga siku na saa, kisha akarudi kuuliza ilikuwaje. Mwanamke wa Mitunguu, huko Meru, aliyeacha kwenda sokoni hakuacha kwa kukosa mandhari. Mikungu ya ndizi iko shambani, mabroka wa kubishana nao bei wapo, chama kipo, kwaya ipo. Na kila kimoja hufanya lile ambalo pomboo wa kwenye kioo hawezi: humjibu. Akiuza mkungu, anashika hela. Akikosa chama mara mbili, kuna atakayebisha hodi. Pomboo hana habari kama alikuja au hakuja. Raha isiyomwunganisha na yeyote itamsaidia nini akishavua miwani, akajikuta katika chumba kile kile na deni lile lile? Anachokosa ni wa kumshika mkono hadi avuke kizingiti.

Wala kumpata mtu huyo si ndoto. Mwaka 2002, katika jaribio la vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wenyeji wasio na uzoefu wowote wa ushauri nasaha walifunzwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16 katika baadhi ya vijiji hivyo. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Miaka ishirini na ushei! Tiba iliyopimwa hapa jirani, kwa watu wanaolima kama sisi, tumeiacha ilale kwenye majarida, halafu tunahimizwa kuishangilia ya California.

Jopo la kitaifa la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitaka, tangu 2020, maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Tangu wakati huo hatujakosa hata mikono ya kazi. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwaka huo huo miwani ya Meta Quest 3 iliingia sokoni Marekani kwa dola 499, zaidi ya shilingi 60,000, kabla ya nauli na ushuru. Miwani moja inapita posho ya mhudumu ya mwaka mzima. Nani ataichaji, nani ataisafisha, nani ataitengeneza ikiharibika huko Mitunguu?

Wahudumu hao tayari wanabisha hodi nyumba kwa nyumba na mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Waongezewe wiki mbili za mafunzo, kama wale wa Masaka, na nauli ya kurudi kwa mgonjwa kila wiki. Meru na Embu waanze na hilo katika bajeti ijayo ya afya.