Mshitakiwa si tusi

Wasee wa kuigiza kwa gemu, hii ni yenu. Wale wa kupiga risasi tu mnaweza endelea, hamna muda wa kuandika hata hivyo.

Kuigiza bila maneno haiwezekani. Ukiwa daktari lazima uulize mgonjwa anaumwa wapi. Ukiwa makanga lazima uite abiria. Sasa kuna seva moja tunachezea mahakama. Hakimu anaandika "mshitakiwa asimame", chati inatoa "#### asimame". Kisa? Ndani ya hilo neno kuna herufi nne zinazofuatana ambazo kwa Kizungu ni tusi. Toa hiyo "i" moja, andika "mshtakiwa", linapita bila shida. Neno ni lile lile, maana ni ile ile. Filta haisomi Kiswahili, inasaka herufi tu.

Si jambo geni. Mwaka 1996, AOL ilizuia wakaazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu jina la mji wao limebeba tusi katikati. Hadi leo kosa la aina hii linaitwa kwa jina la mji huo.

Huku kwetu kuna upande wa pili. Msee anaweza kukutukania mamako kwa Sheng, sentensi nzima, na ipite safi kama maji. Yaani askari amemshika mpita njia, mwizi akaachwa aende zake.

Watu hufanyaje basi? Kuna wanaovunja neno kwa nukta na nafasi. Hiyo ni hatari ya kufungiwa akaunti, lakini angalau mnabaki pale pale. Mimi naogopa ile ingine: "Hapa chati inasumbua, nipe namba twende WhatsApp."

Fikiria dogo wa miaka kumi kwa hiyo seva. Amesikia hiyo sentensi kutoka kwa watu ishirini wazuri, wote wakitaka tu kumaliza hadithi. Wa ishirini na moja ni mtu mzima mwenye nia mbaya, na anasema maneno yale yale. Dogo atamjuaje? Filta mbovu imemwandalia huyo mtu kisingizio, na sisi tumemzoesha dogo kukikubali. Gemu zingine huficha hata tarakimu kwa akaunti za watoto, ndio wasipeane namba za simu. Sisi tunakuja kuzitamka kwa maneno, sifuri saba, tukijiona wajanja.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tubaki kwa chati. Neno likikataa, Kiswahili hakijaisha: kuna mtuhumiwa, kuna anayeshtakiwa. Bei ya mia tano iandike kwa herufi. Na kila neno safi likifichwa, piga skrinshoti, tuma ripoti. Inachosha, najua, lakini tukinyamaza watadhani kila kitu kiko sawa.

Lakini mzigo si wetu peke yetu. Kampuni inayochukua pesa zetu za M-Pesa kwa nguo na magari ya gemu inaweza kulipa watu wanaojua Kiswahili na Sheng. Zisiseme hawapatikani. Kuanzia 2019 machapisho ya Facebook yalikuwa yanachujwa hapa hapa Nairobi, kwa ofisi za Sama. Waliofanya hiyo kazi waliona mambo mazito, na mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, akaipeleka Meta na Sama kortini kuhusu malipo na mazingira ya kazi. Kwa hivyo waajiriwe, walipwe vizuri, na watunzwe.

Neno gani safi la Kiswahili limewahi kufichwa ukiigiza? Nitumie na jina la gemu. Nakusanya orodha, na nitawatumia wenyewe.