Kukubali kwa mashine si idhini ya mwenye mali

 

Ndugu zetu Waislamu, juma hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu huwaachia mafundi, ilhali ndani yake mna amana. Nalo ni leseni za mifumo endeshi ya kompyuta, hasa kompyuta inayowekewa mifumo miwili na ile inayofunguliwa na mtu aliye mbali nayo.

Lililotuzindua ni swali la mwanafunzi wa madrasa. Ofisi ya msikiti wetu ina kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10 Pro na leseni yake halali. Humo ndimo ilimokuwa programu ya zamani ya kuandikia kodi za nyumba za wakfu. Tulipopata habari kwamba Windows 10 itaacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama ifikapo Oktoba 14, 2025, tulimwomba fundi atuwekee Windows 11 bila ya kuiondoa ile ya kwanza. Akaigawa diski sehemu mbili, akapiga Windows ya pili. Tangu hapo, kila tulipoiwasha mashine ilituuliza tuingie upande upi. Ile ya pili haikudai namba yoyote ya leseni. Ilijiandika yenyewe kwamba imeidhinishwa. Nasi tukashukuru.

Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kuchapa aliutazama ule ukurasa wa kuchagua, akasema: “Ustadhi, hapa Windows ziko mbili. Na leseni tulizolipia nazo ni mbili?” Tulikosa jibu. Hati ya kumlipa fundi ilikuwa na saini yetu.

Tukarudi kuyasoma masharti, yale ambayo kila mtu huyakubali kwa kubonyeza kitufe bila ya kuyasoma. Leseni ya Windows ya kawaida hutoa haki ya kuweka na kuendesha nakala moja katika kifaa kimoja, itumiwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Nakala ya pili huhitaji leseni ya pili, hata ikiwa katika mashine ile ile, na hata kama nakala hizo mbili haziwezi kuwaka kwa pamoja. Mbona basi mashine ilikubali? Kwa sababu mtambo wa Microsoft huitambua kompyuta kwa vifaa vyake vya ndani, wala hauhesabu sehemu za diski. Ulikiona kifaa kinachojulikana, ukakipitisha.

Mwanakamati mmoja alitoa hoja kwamba sisi hutumia moja tu kwa wakati mmoja, basi tumemdhulumu nani? Tulimjibu kwa mfano wa nyumba zetu wenyewe za wakfu. Mpangaji aliyelipia chumba kimoja hawezi kukifungua na cha pili kwa hoja kwamba usiku analala katika kitanda kimoja tu. Na kama ufunguo wake umetokea kuingia katika kitasa cha mlango wa jirani, kuingia huko hakumpi haki ya chumba. Kitasa kimekubali, mwenye nyumba hajakubali.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ili mwenyekiti, mhazini na katibu waweze kuziona hesabu wakiwa majumbani, fundi alikuwa ametuwekea kiraka cha programu kinachowaruhusu watu kadhaa kuingia kwa pamoja katika kompyuta ya ofisi kupitia intaneti. Masharti hayaruhusu hivyo. Yanampa nafasi mtumiaji mmoja anayeteuliwa miongoni mwa wanaokitumia kifaa chenyewe, naye anaweza kuingia kutoka mbali kwa kifaa kingine. Uteuzi huo haubadilishwi zaidi ya mara moja katika siku 90. Wengine wanaweza kuingia kwa nyakati tofauti, lakini kwa sharti kwamba vifaa vyao vina leseni ya toleo lile lile au la juu zaidi. Kompyuta zetu za nyumbani ni za toleo la Home, lililo chini ya Pro. Kwa hiyo wawili kati yetu watatu tulikuwa tukiingia pasi na haki.

Huenda msomaji akauliza: haki isiyoshikika mkononi nayo ni mali? Wanazuoni waliwahi kuitafiti kadhia hii. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988 (Jumadal Ula 1409), ilipitisha kwamba haki za uandishi, uvumbuzi na jina la biashara ni haki za kimali zinazolindwa kisheria, na haijuzu kuzivamia. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Juu ya yote hayo, Suratul Maida inafunguliwa kwa amri kwa waumini kutimiza mikataba, na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu.

Wapo pia wasemao kwamba kampuni ile ni tajiri, tena si ya Waislamu. Na tukumbuke usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamepanga kumuua Mtume (SAW), huku amana zao zikiwa bado nyumbani kwake. Hakuondoka nazo, alimwacha Sayyidna Ali (RA) Makka ili amrudishie kila mmoja chake. Amana haiangalii dini ya mwenyewe wala ukubwa wa mfuko wake.

Basi tulifanya nini? Kununua leseni ya pili kwa sadaka za waumini, na huku njia nyingine ipo, tuliona ni israfu. Baada ya Isha, kwa siku tatu, tuliihamisha hesabu ya wakfu kutoka katika programu ya zamani na kuiweka katika majedwali ya LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa halali. Kisha tukaifuta Windows 10, tukabaki na Windows 11 peke yake kwa ile leseni moja. Kiraka kiliondolewa, na mhazini akateuliwa kuwa ndiye mwenye kuingia kutoka mbali. Sisi wengine hupokea taarifa kutoka kwake. Katika sehemu ya diski iliyobaki wazi tuliweka Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, ambao leseni yake inamruhusu mtu kuutumia, kuunakili na kuwagawia wengine. Mashine yetu bado ina mifumo miwili, na kila mmoja una idhini ya wenyewe.

Kwa familia, tunausia haya. Unaponunua kompyuta iliyotumika, fungua mipangilio uone ni toleo gani na kama leseni yake ni hai. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani huwa ni ya mashine hiyo, usiihamishie nyingine. Ile iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhamishwa, lakini iondolewe kwanza katika mashine ya zamani. Na kijana akitaka mfumo wa pili wa kujifunzia, aelekezwe kwenye Linux kabla hajaelekezwa kwa fundi wa viraka.

Yule kijana alipokuja tena tulimwonesha ule ukurasa wa kuchagua, tukamweleza kila upande umepatikanaje. Tulimweleza pia kwamba tulikuwa tumekosea. Watoto wetu huona tunachokifanya kabla ya kusikia tunachowafundisha, na huko nyuma ya skrini, asikokagua mhasibu wala ofisa, Allah anaona.